Njano ya Taa za Ukungu Haiondoki kwa Kung'arisha Tu

Mara ya kwanza nilipojaribu kurudisha weupe wa taa za ukungu za gari langu la zamani, nilitumia dawa ya meno na kitambaa, na nilipomaliza kusugua niliamini kwamba kazi imekwisha, kwa sababu taa zilikuwa ziking'aa. Baada ya miezi michache zilikuwa zimefifia na kuwa njano kuliko nilivyozikuta, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza njano ile inatoka wapi. Tangu wakati huo nina msimamo ambao mafundi kadhaa wameupinga mbele yangu kwa sababu unarefusha kazi: kung'arisha ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi, na yeyote anayesugua taa bila kuipaka kinga mpya ameivua nguo na kuiacha juani.

Vifuniko vya taa nyingi za miongo ya karibuni hutengenezwa kwa polikaboneti, plastiki angavu isiyopasuka kirahisi ikipigwa na jiwe. Plastiki hiyo ina udhaifu wa aina mbili. Hukwaruzika upesi, na miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huvunja molekuli zake za juu hadi zikabadilika rangi. Kwa sababu hiyo viwanda huipaka utando mwembamba, mgumu na angavu, unaokinga mikwaruzo na miale hiyo kwa pamoja. Tunachokiona kama uzee wa taa huanza pale utando huo unapochakaa, na taa za ukungu, kwa kuwa zimekaa chini kwenye bampa, hupokea mchanga, kokoto na matope ya magurudumu ya gari lililo mbele, kwa hiyo utando wake hutobolewa kabla haujazeeka.

Kabla ya kushika msasa, ni lazima kwanza kujua kifuniko kimetengenezwa kwa nini, na njano iko upande gani. Taa nyingi za ukungu, hasa za magari ya zamani zaidi, zina vifuniko vya kioo halisi, na kioo hakigeuki njano kwa jua. Kwenye taa zilizoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, maandishi yaliyochongwa kwenye kifuniko husaidia: herufi B au F3 huonyesha kuwa ni taa ya ukungu ya mbele, na herufi PL huonyesha kuwa kifuniko ni cha plastiki. Ukipitisha kidole juu ya kifuniko cha plastiki na kukihisi kina ukavu na ukwaruzo, tatizo liko nje na linatibika. Kikiwa laini kabisa ilhali njano inaonekana, basi iko ndani, au kiakisi kilicho nyuma ya balbu kimeungua, na hapo hakuna msasa utakaosaidia.

Iko pia njano iliyowekwa kwa makusudi. Kanuni namba 19 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu taa za ukungu za mbele ziwe nyeupe au njano teule, yaani njano maalumu iliyoainishwa na kanuni, na Ufaransa ilitaka hata taa kubwa za magari ziwe za njano kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993. Kwa hiyo si kila taa ya njano ni mgonjwa. Tofauti huonekana kwa macho: njano ya makusudi ni angavu, na ukichungulia unaiona balbu vizuri kabisa, lakini njano ya uchakavu ni ya maziwamaziwa na balbu huonekana kama kivuli. Nimewahi kusikia mtu akitetea taa zake zilizochakaa kwa hoja kwamba njano ni nzuri katika ukungu. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Taa ya ukungu imeundwa kutoa mwanga mpana, wa chini, wenye ukingo mkali upande wa juu, ili mwanga usipande na kugonga matone ya maji yaliyo mbele ya macho ya dereva. Kifuniko chenye utando uliokufa hutawanya mwanga kila upande, ukiwemo upande wa juu, na matone huurudisha kwa dereva kama pazia jeupe. Taa ya ukungu inapokuwa na ukungu wake yenyewe, ni afadhali kuizima.

Kazi yenyewe huenda vizuri zaidi taa ikiwa imetolewa kwenye bampa. Ikishindikana, rangi inayoizunguka ifunikwe kwa utepe wa karatasi, tabaka mbili, kwa sababu msasa hukata tabaka moja haraka. Ioshwe kwa sabuni hadi chembe ya mwisho ya mchanga itoke. Kisha ni msasa wa maji: mimi huanza na namba 800, halafu 1000, 1500, 2000 na kumalizia na 3000 (namba ikipanda msasa huwa laini zaidi), nikibadilisha mwelekeo kila ninapobadilisha namba, ili mikwaruzo ya namba iliyotangulia ionekane ikifutika. Maji yanayochuruzika ndiyo hunielekeza. Mwanzoni huwa na unjano, kwa kuwa ni utando wa zamani unaotoka, na sihami kwenye namba ya kwanza hadi yatoke meupe kila mahali, kingoni na pembeni pia, kwa maana mabaka ya utando wa zamani yakibaki yataonekana chini ya kinga mpya daima. Mashimo madogo ya kokoto hayafai kufukuzwa hadi mwisho. Yakibaki machache hayaharibu mwanga. Anayetumia mashine ya kung'arishia asikae mahali pamoja, kwa kuwa plastiki hulainika kwa joto.

Halafu inakuja sehemu inayorukwa. Nta hudumu kwa wiki kadhaa tu. Dawa ya kufukuza mbu, ambayo wengine huipendekeza, hung'arisha kwa sababu kemikali yake iitwayo DEET huyeyusha uso wa plastiki, na siwezi kumshauri mtu yeyote aitumie. Kinachodumu ni klia, yaani vanishi angavu, ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), yenye kinga dhidi ya urujuanimno. Uso ufutwe kwa alkoholi ya isopropili, kamwe si kwa petroli wala thina, ambazo huipasua polikaboneti nyufa ndogondogo. Tabaka la kwanza lipulizwe jepesi kama umande, likauke kidogo, ndipo yafuate mengine mawili. Mpulizaji avae kinyago chenye vichujio vya kemikali na afanye kazi mahali penye hewa, kwa kuwa hadina nyingi zina isosayaneti, ambazo hudhuru mapafu, na kinyago cha kitambaa hakizizuii.

Ziko taa ambazo ni bora kuzibadilisha: zilizopasuka nyufa laini kwa ndani, zilizotuamisha maji, na zile ambazo balbu ya H8 ya wati 35 ilitolewa na kulazimishwa H11 ya wati 55, joto likaikunja nyumba ya taa.

Taa iliyorudishwa ilengwe upya. Mimi huliegesha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali pa tambarare, na kuzungusha skrubu ya kurekebishia hadi ukingo wa juu wa mwanga ushuke sentimita 20 chini ya kimo cha taa. Taa za gari lile la kwanza, kabla sijazipaka klia, hazikuwa na ukingo wowote ukutani, ila doa pana lililofifia. Sasa mstari unaonekana, na ni mnyoofu.