Tuulize dawa inashika wapi

Msimu wa tasnifu ukifika hapa Dodoma, nikizipitia zile za kemia nakutana na sentensi ileile: dondoo la mmea fulani wa Kondoa au Mpwapwa limeua seli za saratani maabara. Basi, hitimisho. Hakuna aliyeuliza molekuli iliyomo kwenye dondoo hilo inashika protini gani, na inaishika sehemu gani. Kuua seli kwenye kisahani si jambo gumu, hata jiki inaziua. Dawa ni ile inayojua pa kwenda.

Chukulia lile ua la petali tano, jeupe au la zambarau, linalopandwa mbele ya nyumba kwa kuwa ukame haulisumbui. Asili yake ni Madagaska. Ndani yake mna vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto, pamoja na ile ya Burkitt inayovimbisha mataya, ambayo daktari Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 akiwa kazini Uganda. Marekani waliiidhinisha vinkristini mwaka 1963. Watafiti walifahamu kwamba inavuruga tubulini, protini ya nyuzi zinazogawanya kromosomu seli inapojigawa. Lakini picha ya ndugu yake, vinblastini, ikiwa imejibana katikati ya vipande vya tubulini ilichapishwa mwaka 2005. Miaka arobaini na zaidi dawa iko wodini, na mkemia anayetaka kuiboresha anapapasa tu! (Tafadhali, mtu asiende kulichemsha ua hilo nyumbani. Ni sumu, na hospitalini dozi yake hupimwa kwa uangalifu mkubwa.)

Sasa tazama mambo yanavyokuwa mkemia na mtaalamu wa miundo ya protini wakikaa meza moja. Protini ya KRAS imejulikana kuwa chanzo cha saratani tangu 1982, na kwa miongo mitatu wengi waliamini haitibiki. Uso wake ni laini kama yale majabali yetu ya Dodoma yakishalowa mvua, huoni pa kushika. Tena ina mfuko mmoja tu wa maana, yaani kijishimo ambamo molekuli inaweza kukaa, na mfuko huo umeng'ang'aniwa na GTP, molekuli ndogo ya seli yenyewe, ambayo imejaa tele ndani yake. Kikosi cha mkemia Kevan Shokat kule San Francisco kikapita njia nyingine. Katika aina moja ya KRAS iliyoharibika, asidi amino (kipande kinachojenga protini) ya nafasi ya 12, glisini, imegeuka kuwa sisteini, yenye salfa. KRAS ya seli yenye afya haina sisteini hiyo mahali hapo. Wakatafuta molekuli ndogo zinazoweza kujifunga kwenye salfa hiyo, halafu wakatengeneza fuwele za protini ikiwa imeshikwa na kuzipiga eksirei. Picha ikaonyesha mfuko ambao haukuwahi kuonekana, kwa sababu hufunguka pale tu molekuli inapoingia. Hiyo ilikuwa 2013. Mei 2021 dawa ya kwanza ya aina hiyo, sotorasibu, ikaidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu.

Kemia peke yake isingeuona mfuko huo. Na picha peke yake isingeonyesha kitu, maana bila molekuli mfuko wenyewe haupo. Ndiyo maana inaniuma kuona idara za kemia na biolojia zikiishi kama majirani wasiosalimiana, kila moja na wanafunzi wake na vifaa vyake.

Najua jibu litakalokuja: hatuna mashine. Kweli, mitambo ya eksirei ya kiwango hicho ni ghali mno. Ila hazina ya miundo ya protini duniani iko wazi tangu 1971, na tangu 2021 ubashiri wa AlphaFold, programu ya akili bandia inayokisia miundo ya protini, unapatikana bure. Kompyuta ya kawaida na bando vinatosha kuanza. Angalizo langu ni moja: kupachika molekuli kwenye protini kwa kompyuta ni dhana, si ushahidi. Mwanafunzi aibadilishe molekuli yake kidogo, aondoe kile kikundi cha atomu anachodhani ndicho kinachoshika, kisha apime tena. Nguvu ikipungua, ana cha kutetea mbele ya jopo.

Nasi tuchague saratani zinazotuumiza sisi. Ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, lakini haiwatibu mama zetu walio tayari wagonjwa. Kirusi hicho kina protini iitwayo E6, ambayo hukamata kimeng'enya cha seli na kukitumia kuiangamiza p53, mlinzi wa seli. Muundo wa zote tatu zikiwa zimeshikana ulichapishwa mwaka 2016. Upo, ni bure, unapakuliwa kwa dakika chache. Ningefurahi sana mwanafunzi wa kemia na wa biolojia wa hapa Dodoma waandikishwe tasnifu moja juu yake, na wasimamizi wao wawili wakubali kusaini ukurasa mmoja.