Terahezi na mvua ya Kilimanjaro: diodi tuisomee, faiba tusiiache

Wapo wanaoamini kwamba mawasiliano ya terahezi, yaani kurusha data hewani kwa mawimbi ya masafa ya juu sana, ya mamia ya gigahezi, yatatuondolea kazi ya kuchimba mitaro ya faiba kuuzunguka Mlima Kilimanjaro. Hoja yao inaeleweka: kama gigabiti 30 zinaweza kupita hewani kwa sekunde moja, ya nini kuomba kibali cha kukata barabara kutoka Moshi mjini hadi Machame au Marangu, na kupitisha waya katikati ya vihamba vya watu? Hoja hiyo naiheshimu, lakini inaibebesha teknolojia hii kazi isiyoiweza na kusahau ile inayoiweza vizuri.

Kasi yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka pamoja na kampuni ya ROHM ya Japani walipokea gigabiti 30 kwa sekunde bila makosa, katika masafa ya karibu gigahezi 300, wakitumia kipokezi cha diodi, kifaa kidogo cha kielektroniki kilichotengenezwa kwa semikondakta. Kwa kasi hiyo, bando la GB 15 linakwisha kwa sekunde 4. Ndani ya diodi hiyo mna kuta mbili zenye unene wa nanomita chache tu, na elektroni huzipenya kwa kanuni za fizikia ya kwanta. Kupenya kwa namna hiyo ndani ya semikondakta ndiko alikokuonyesha Leo Esaki mwaka 1957, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Mimi huvutiwa zaidi na uchache wa vifaa. Kipokezi makini cha masafa haya kwa kawaida huhitaji chanzo chake cha wimbi na kichanganyaji cha kulichanganya na wimbi linaloingia, na kila kimoja ni ghali. Diodi hii huzalisha wimbi lenyewe, kisha hulifuata lile linaloingia, hivyo kazi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Diodi hiyohiyo inaweza pia kurusha. Nafasi hewani nayo ipo: mkutano wa dunia wa masafa ya redio uliofanyika Misri mwaka 2019 ulitambua jumla ya gigahezi 137 kati ya gigahezi 275 na 450 kwa mawasiliano ya aina hii.

Shida ni umbali. Wimbi la gigahezi 300 lina urefu wa milimita moja, na likisafiri kilomita moja hewani, antena zikiwa za kawaida, hupungua mara 10,000 zaidi ya wimbi la gigahezi 3. Diodi moja nayo hutoa nguvu ndogo, kiasi cha milliwati moja au chini yake. Dawa ni kulikusanya wimbi kwa antena ya sahani. Sahani ya sentimita 30 hulibana hadi karibu robo ya digrii, kwa hiyo kwa kilomita moja linatanuka kama mita 4 tu. Hapo unapata nguvu, na ni vigumu mtu wa pembeni kuudaka ujumbe wako. Lakini mlingoti ukiyumba kwa upepo, mawasiliano yanayumba nao.

Kuhusu mvua, nadhani wapinzani wa terahezi wanatia chumvi. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa hukata karibu desibeli 20 kwa kila kilomita, maana yake katika sehemu 100 za nguvu inabaki 1 hivi. Ni hasara kubwa. Ila masafa ya gigahezi 80, ambayo tayari hutumika kuunganisha minara sehemu nyingi duniani, hupoteza karibu kiasi hichohicho, kwa kuwa juu ya gigahezi 100 athari ya mvua karibu inaacha kuongezeka. Anayeikataa terahezi kwa sababu ya masika peke yake inabidi aikatae na hiyo minara.

Mvuke wa maji ndio unaotofautisha, na hapa mlima wetu unafundisha jambo. Darubini za ALMA nchini Chile ziliwekwa kwenye mwinuko wa mita 5,000 hivi kwa sababu hewa ya huko ni kavu na hupitisha mawimbi ya aina hii. Horombo, kituo cha vibanda vya wapanda mlima Kilimanjaro, iko mita 3,720, na mwaka 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha huko intaneti ya kasi. Kwa hewa ya juu huko, kurusha terahezi kutoka kibanda hadi kibanda kungewezekana siku nyingi. Lakini ukitaka kuirusha kutoka Moshi hadi Horombo, sharti upite ukanda wa msitu, wenye mawingu na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka upande wa kusini. Njia hiyo siioni.

Ninapoiona ni ndani ya eneo moja: hospitali kubwa kama KCMC inayotaka kupitisha picha za CT kutoka jengo hadi jengo bila kuvunja sakafu, au chumba cha seva, mita mia chache au pungufu. Vijiji vya Kibosho na Old Moshi vinahitaji faiba hadi mnarani, na kutoka hapo masafa ya chini yanayofika mbali na kupenya migomba. Isitoshe, Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom, zinazotuunganisha na dunia, zilipokatika baharini, nchi nzima ilihisi. Gigabiti 30 za hewani zisingemsaidia mtu yeyote siku ile.

Ndiyo maana ningependa fedha za umma ziende kwanza kwenye njia ya ziada ya faiba, na sehemu ndogo iende maabara. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, Arusha, jirani kabisa. Vijana wa pale wakipewa jozi moja ya vipokezi vya diodi na kipima mvua, wakapima kuanzia Machi hadi Mei kwenye miteremko ya Mlima Meru, tutakuwa na takwimu za hewa yetu wenyewe, na muuzaji akija na vifaa vyake tutajua cha kumuuliza.