Mnaowafundisha watoto kupika data, mnawaibia fizikia

Juzi nilishika daftari la praktiko la mpwa wangu, yuko form four, zoezi la pendulamu. Lile la uzi na kipira cha chuma, unakiacha kibembee mara 20, unaandika sekunde, unabadilisha urefu wa uzi, unarudia. Nikaangalia grafu: nukta zote zimelala juu ya mstari, hakuna hata moja iliyochepuka. Nikamuuliza mlipimaje, akanijibu bila wasiwasi, "Anko, stopwochi ilikuwa moja darasa zima, tukapika data." Yaani kachukua fomula ya pendulamu, kaweka g (kipimo cha mvutano wa dunia) ni 9.8, karudi kinyumenyume mpaka akapata sekunde za kujazia jedwali.

Yeye simlaumu sana, stopwochi moja kwa darasa zima ni shida kweli. Kinachoniuma ni ile tiki nyekundu ya mwalimu. Tunawaambia watoto kwamba hesabu ndo inaamua na dunia kazi yake kuitikia tu, na siyo kweli jamani.

Pendulamu hiyohiyo: mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer, mtaalamu wa nyota, alikuwa Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta kama sisi, na saa yake ya pendulamu, ukiiseti kwa urefu wa Paris, ilikuwa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Angekuwa mpishi wa data angeandika urefu wa Paris akalala zake, nani angejua? Yeye akapima, akarudia miezi na miezi, ikabidi pendulamu aifupishe karibu milimita 3 ndo saa ikakaa sawa. Wapo waliosema labda ni joto tu limerefusha chuma. Newton akaichukua ile tofauti akaikalia na hesabu zake, na 1687 akaitumia kama ushahidi kwamba dunia siyo mviringo kamili, imetuna huku ikweta kwa sababu inazunguka; kuzunguka huko pamoja na kutuna ndo maana g huku kwetu ni kama 9.78 na kule kwenye ncha ni 9.83, na g ikipungua pendulamu inabembea polepole. Umbo la dunia nzima, kutoka kwenye milimita 3 ambazo mtu alikataa kuzificha!

Haya, nakubali, kuna wakati hesabu inatangulia. Mwanafizikia Maxwell aliyaona mawimbi ya sumakuumeme (kama yale ya redio) kwenye karatasi miaka ya 1860, mwenzake Hertz akayapata maabara miaka ya 1880. Lakini Hertz alienda kuyatafuta, hakuyajazia kwenye jedwali.

Na hata ile fomula wanayoikariri ni ya makadirio, inafaa ukivuta uzi kidogo tu. Uvute mpaka digrii 60, muda wa kubembea unaongezeka kama asilimia 7, kitu ambacho mtoto angekiona mwenyewe kwa uzi, kufuli badala ya kipira, na simu ya mama yake, maana stopwochi imo humohumo.

Kwa hiyo walimu wangu, nawaomba sana, mkikuta nukta imechepuka msiikate maksi. Muulizeni mtoto imechepuka kwa nini, halafu mpeni muda arudie kupima.