Mashine Haidanganyi, Aliyeishika Je?

Juzi nimekesha ukumbini nikiseti mitambo ya sauti. Asubuhi akaingia mwenzangu na laptopu, akapima sauti upya kwa maikrofoni, akanigeuzia grafu kama daktari anayekuonyesha picha ya mfupa uliovunjika. "Kaka, kwenye hezi 3,400 una shimo hili. Hukulisikia?" Yaani sauti inayotetemeka mara 3,400 kwa sekunde inakaribia kupotea.

Maikrofoni ni ileile niliyotumia, programu ileile, na kwangu shimo halikuwepo. Nilipomwambia akanipa jibu linalonipandisha presha kila nikilikumbuka: "Mashine haidanganyi."

Sawa. Ila mashine haikutembea kwa miguu yake kwenda kusimama pale.

Yeye stendi ya maikrofoni aliiweka nyuma ya meza. Mimi niliiweka katikati ya viti. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 3,400 lina urefu wa sentimita 10 hivi. Ile sauti inayogonga meza kwanza njia yake ikizidi kwa sentimita 5 tu ya ile inayokuja moja kwa moja, zinakutana moja ikipanda na nyingine ikishuka. Zinauana. Shimo lake ni la kweli kabisa, lakini ni la palepale. Sogeza maikrofoni kiasi cha kiganja, nalo linahama.

Basi bwana mkubwa akafanyaje? Akapandisha ekwalaiza, kile kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti nene na nyembamba, alijaze! Ukiipandisha ya moja kwa moja, ya mezani nayo inapanda kwa kiasi kilekile, zinaendelea kuuana, na watu wa viti vingine vyote wanatobolewa masikio. Meza ndiyo mgonjwa, dawa wananyweshwa wasikilizaji. Nilimwomba apime sehemu sita, saba, tuone ni kipi kinachojirudia kila mahali, maana hicho ndicho cha kurekebisha. Akasema hana muda. Muda wa kunichorea grafu ya rangi nne alikuwa nao.

Na hata tungepima sehemu moja, yeye huiacha mistari ya grafu na meno yote ya msumeno, mimi huilainisha. Vipimo ni vilevile, kila mtu anaona ugonjwa wake.

Najua mtasema bora mashine kuliko sikio. Nakiri, kwa shingo upande. Baada ya saa mbili za makelele sikio langu huchoka, sauti nyembamba hufifia, nami huziongeza bila kujijua. Nikifungua sauti zaidi, besi huonekana imenona ilhali sijaigusa. Ndiyo maana nilimaliza usiku ule nikaacha, nikapanga kusikiliza tena asubuhi. Asubuhi yenyewe ndiyo hiyo.

Miaka ya 1890, Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipima mwangwi wa kumbi usiku wa manane kwa bomba la kinanda, stopwochi na masikio yake mawili. Aligundua kuwa hata nguo alizovaa zinameza sauti na kumharibia hesabu, akawa anavaa zilezile kila anapopima. Mtu anahesabu mpaka suruali yake! Sisi hata stendi iliposimama hatuandiki.

Jioni nilibandika tepu sakafuni, alama saba, kila moja na namba yake. Niliporudi na chai nikamkuta ameisogeza stendi, ananiuliza nani amechafua sakafu.