Kinshasa sawa, lakini Lubumbashi nayo msiisahau

Mwandishi wa makala ya kusifu masomo ya Kinshasa anasema kijana anayesoma kule ameshapata nusu ya kazi. Kwa sehemu nakubali. Mdogo wangu anasoma sheria UNIKIN, Chuo Kikuu cha Kinshasa, kule juu ya kilima cha Mont Amba. Akitaka kusikiliza wabunge wakibishana, anapanda basi mpaka Palais du Peuple, jengo la Bunge. Wizara, balozi, Mahakama ya Katiba, vyote viko mji mmoja. Staji, yaani mafunzo ya kazini, anaenda kuiomba kwa mguu. Sisi wa Lubumbashi tunatuma karatasi na kungoja, kungoja. Na Lingala ameshaijua, sasa anatutambia nayo kwenye simu!

Ila kuna jambo halikuandikwa. Wakati wa UNAZA, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kuanzia 1971 hadi 1981, kitivo cha fasihi kilikuwa hapa kwetu, na Mudimbe, yule mwandishi na mwanafalsafa, alifundisha hapa hapa. Wa Kinshasa ndio waliokuja. Na anayetaka kusomea migodi atafuata nini kule, wakati shaba iko chini ya miguu yetu?

Halafu muulizeni mama yangu bei ya chumba cha kupanga Kinshasa. Kila mwisho wa mwezi anahesabu vidole, na mtoto mwenyewe bado analilia bukari, ugali wetu wa nyumbani.