Kochi la Bibi Halihitaji Msasa, Linahitaji Kuoshwa

Jamani hii tabia ya mtu kurithi kochi la mninga leo, kesho yake ameshampigia fundi aje na randa na msasa alikwangue "liwe jipya", mimi inanikera kuliko hata wale wanaolitupa. Likitupwa angalau kuna mtu ataliokota akalitunze. Likikwanguliwa ndo basi tena, na hela umelipa juu yake.

Msimamo wangu ni huu: samani nyingi za zamani tunazosema zimechoka hazijachoka, zimechafuka. Miaka na miaka ya moshi wa jikoni, jasho la viganja, mafuta ya nazi ya vichwa vya watu waliosinzia wakisubiri taarifa ya habari, halafu kila Idi na kila Krismasi mtu anapaka vanishi au polishi juu ya vumbi hilo hilo bila kulifuta. Lazima liwe jeusi.

Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo saana, kitambaa laini ukikamue mpaka kisitoe tone, anzia mguu wa nyuma ambako hata rangi ikibadilika hakuna atakayeona. Futa kipande kidogo kidogo, kausha hapo hapo na kitambaa kingine, usiache maji yatuame kwenye maungio. Badilisha maji, rudia. Yatatoka kama chai ya rangi, usishtuke. Ukifika mara ya pili au ya tatu utaanza kuona kahawia ya mninga yenyewe na ile mistari yake inayoingia wekundu, na hapo wengi wanashangaa kwamba kumbe vanishi ya zamani bado iko hai chini huko.

Na huo mninga mnaoukwangua si mti wa mchezo. Unatoka kwenye misitu ya miombo, Tabora, Katavi, Rukwa huko, ukikauka vizuri haujikunji hovyo na hautanuki sana wakati wa masika, na kiini chake mchwa hawakifurahii. Ndo maana droo ya meza ya 1975 bado inavutika vizuri wakati kabati la chipubodi la mwaka juzi limemwagikiwa maji siku moja limevimba miguu na milango haifungi tena. Kuna jambo jingine watu hawasemi, vumbi la mninga linawasha pua na kifua, kuna wenye pumu wanabanwa kabisa. Fundi anakwangua sebuleni watoto wanazunguka hapo hapo! Kama kitu kimepakwa rangi ya mafuta ya zamani ndo usithubutu kabisa kupiga msasa mkavu, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ni sumu.

Ukitaka kujua mbao ilipakwa nini juu, chovya pamba kwenye spiriti ugusishe sehemu iliyojificha. Ikinatanata, hiyo ni polishi ya kizamani ya kuyeyushwa na spiriti, unaweza kuilainisha na kuisambaza upya bila kuondoa chochote. Isiponata jaribu thina vile vile, vanishi nyingi za kupuliza zinalainika kwa thina. Zote zikigoma basi ni ile vanishi ngumu, ioshe uiache. Zile duara nyeupe za vikombe vya chai ni unyevu ulionasa ndani ya vanishi, mbao haijaguswa. Weka kitambaa kikavu cha pamba, pitisha pasi ya moto mdogo kwa sekunde chache, nyanyua, angalia, rudia. Mara nyingi zinaondoka. Duara likiwa jeusi maji yameshafika kwenye mbao, na mimi kwa maoni yangu liache, weka kitambaa juu.

Kulishia mbao usitumie mafuta ya kula, yanachacha na kuvuta vumbi. Tumia nta ya nyuki, na uzuri ni kwamba nyuki wa Tabora wanaitoa kwenye misitu ile ile ya mninga. Yeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, itoe jikoni kabisa mbali na moto ndo uchanganye tapentaini, sehemu moja ya nta kwa tatu za tapentaini hivi, ipoe. Paka nyembamba, subiri, sugua. Mtu anapaka nene halafu analalamika kochi linanata, sasa ulitegemea nini.

Fundi ana kazi yake, sikatai. Kiti kikilegea muite, ila mkatalie misumari, msumari unapasua ulimi wa mbao (ile ncha inayoingia kwenye tundu la maungio) na kiti kitalegea tena vibaya zaidi. Kiti kifunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe kwenye maungio (hapo ndo pa kukwangua sasa!) maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, kipakwe gundi ya mbao kifungwe kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe, unaizungusha ukiivuta mpaka gundi inachomoza, unaacha mpaka kesho. Tyubu unaomba bure kwa fundi baiskeli. Ukiona vitundu na unga mpya unadondoka chini ujue wadudu wako ndani, ingiza dawa ya wadudu wa mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu. Vitundu vikavu visivyo na unga mara nyingi ni vya zamani, visikunyime usingizi.

Sasa mashuka na vitambaa. Hapa adui ni jiki. Foronya za kudarizi za mama zimeingia manjano, mtu anamimina jiki, kweli zinang'aa wiki hiyo, halafu uzi unadhoofika na kitambaa kinachanika kwenye mkunjo. Loweka kwanza maji baridi matupu, ubadilishe mpaka yasiwe na rangi, ndo uje na maji ya vuguvugu na sabuni ya unga usiku kucha. Nyeupe ianike mbichi juu ya nyasi juani, jua la saa nne mpaka saa nane linafanya kazi kubwa kuliko kopo lolote, za rangi weka kivulini. Bluu ya kufulia nayo tusidanganyane, haiondoi uchafu, inaficha manjano tu, ila kwa siku ya wageni mi naitumia.

Doa la kutu kamulia limau na chumvi, weka juani, suuza sana. Ukiweka jiki kwenye kutu ndo unalikomaza doa, na usije ukachanganya jiki na limau au siki, inatoa hewa ya sumu. Vitambaa vya makochi vya kufuma usivitundike kwenye kamba, vinavutika vinakuwa ulimi wa ng'ombe, vilaze juu ya taulo uvinyooshe kwa mkono. Vya kudarizi piga pasi upande wa nyuma, na chini tandika taulo, maua yanasimama.

Kuhifadhi, sisi wa Dar, Tanga na Unguja na huu unyevu wetu, mifuko ya plastiki hapana, inazalisha ukungu. Usiweke wanga kabla ya kuhifadhi, unaita mende. Wala usilaze shuka jeupe moja kwa moja kwenye mbao ya sanduku, mbao inatoa asidi inayochora manjano, tandika kwanza kanga kuukuu iliyofuliwa ikaisha rangi. Karafuu sawa ukizifunga kwenye kitambaa. Udi fukizia nguo ya kuvaa leo, siyo ya kuweka.

Na kama hukurithi kitu, minada ya ofisi za serikali huwa inatoa meza na viti vya mbao ngumu ambavyo watu wanavipita wakikimbilia magari. Mashuka ya pamba nenda kwenye mitumba ya Ilala au Karume hapa Dar asubuhi, fungua shuka uliinue mwangani uangalie katikati, hapo ndo huwa linaanza kuwa jepesi, pembeni litakudanganya. Likiwa jepesi katikati na bei ni nzuri chukua tu, foronya mbili zinatoka pembeni.