Kasuku akijinyonyoa, usikimbilie duka la dawa za mifugo

Hapa Mwanza ukiwa na kasuku mwenye kifua kitupu, kila anayeingia sebuleni ana dawa yake. Mmoja atakwambia ni utitiri, umpake ule unga wa kuku. Wa pili atasema minyoo. Wa tatu, na huyu kwa kawaida hushusha sauti kidogo, atakushauri uwaangalie vizuri majirani, maana ndege haanzi tu kujivua nguo mwenyewe. Nimewasikiliza wote. Kwa heshima zote, wote wanakagua ngozi, na mimi nadhani mahali pa kukagua kwanza ni siku ya huyo ndege: anaamka saa ngapi, anafanya nini hadi jua lizame, analala saa ngapi, na nani yuko naye.

Wangu anaitwa Kulwa. Ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Alikuwa wa marehemu mjomba, aliyefanya kazi kwenye meli za Bukoba miaka mingi na akampata enzi ambazo mtu hakuulizwa sana habari za vibali. Mjomba alipofariki, ndege akaletwa kwangu Kitangiri pamoja na tundu lake, na habari za kumwandikisha nikazifuatilia mimi. Kasuku hawa wakitunzwa vizuri huishi miaka 40 hata 60, kwa hiyo kurithiwa si jambo la ajabu kwao. Ajabu ni kwamba sisi tunamrithi kama redio: tunamchomeka mahali, tunasubiri aseme. Mtu aliyemzoea ametoweka, nyumba ni ngeni, sauti ni ngeni, na hakuna aliyemwandaa. Haukupita muda kifua kikawa ngozi ya waridi yenye vinyoya laini vya kijivu hapa na pale.

Ukitaka kuelewa kinachoendelea, kaa umtazame bila kumsemesha. Kulwa hajikuni ovyo kama kuku mwenye utitiri. Anatulia kwenye kijiti, anainua bawa la kushoto taratibu, anaingiza mdomo chini yake, anachagua. Anachagua kweli. Anaupitisha unyoya mdomoni kutoka shinani hadi nchani, anauacha, anachukua mwingine. Akiupata anaoutaka anauvuta mara moja, anatoa mlio mfupi wa maumivu, halafu anaushika kwa kucha na kuitafuna ile sehemu ya shina yenye unyevu. Anaudondosha, anaanza upya. Hiyo ni kazi, na anayeifanya ni kiumbe aliyekosa kazi nyingine.

Sisemi ugonjwa haupo. Upo, na ndiyo maana kabla ya kumhukumu kuwa ni upweke, aonwe na daktari wa mifugo. Kasuku anaweza kujinyonyoa kwa sababu ini linaumwa, ana maambukizi ya ngozi, amepungukiwa vitamini A au kalisi, au amekuwa akitafuna waya wenye madini ya zinki. Kuna kipimo kimoja ambacho hata wewe nyumbani unakiweza: mwangalie kichwa. Kasuku hawezi kujinyonyoa kichwani, mdomo wake haufiki. Kama kifua, mgongo na mapaja ni mapara lakini kichwa kimevaa vizuri, mnyonyoaji ni yeye mwenyewe. Kama na kichwa kinapukutika, hapo ama ananyonyolewa na mwenzake au ni ugonjwa, na kuna ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo wa kasuku ambao si wa kuchezea. Vivyo hivyo ukiona damu, ukiona ameacha kula au anasinzia mchana kutwa, usisubiri ushauri wa kijiweni.

Wataalamu wetu wengi kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, kuku na mbwa, hilo lazima tulikubali. Lakini kinyesi ni kinyesi, cha kasuku nacho kinapimika maabara kama cha kuku. Wakala wa maabara za veterinari wa serikali ana kituo hapa hapa Mwanza, na daktari aliye tayari kusema "ngoja niulize wenzangu wa SUA", yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ana faida kuliko yule anayekuandikia dawa kabla hajalisogelea tundu.

Kinachonitia hasira ni ule unga. Unga wa utitiri ni sumu ya wadudu, na kasuku kila unyoya wake huupitisha mdomoni mara nyingi kwa siku. Ukimpaka, umemlisha. Tena mapafu ya ndege ni mepesi kupata madhara kuliko yetu. Moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, udi, sigara, vyote vinamwasha. Kikaango kile kisichoshika chakula kikiungua kitupu jikoni, mvuke wake unaweza kumuua kabla hujazima jiko. Kwa hiyo tundu likae mbali na jiko, na duka la dawa za mifugo libaki kwa ajili ya kuku.

Turudi kwenye kazi. Kasuku wa porini hutumia sehemu kubwa ya mchana kutafuta chakula. Huruka mbali na kundi lake, hupanda, hupasua, humenya, hutupa nusu ya alichomenya, hugombana kidogo, huendelea. Huku kwetu tuna mfano wa bure: wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ambao asili yao ni kusini mwa Ziwa Victoria hadi Serengeti na visiwa kama Ukerewe. Watazame asubuhi. Hawana dakika ya kukaa wakitafakari kifua chao. Sasa linganisha na Kulwa wa zamani: bakuli la alizeti limejazwa saa moja asubuhi, kufika saa moja na robo ameshiba, na mbele yake kuna saa kumi na moja za mwanga.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilijaribu hili kwa kasuku wachanga wa jamii ya Amazon na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliopewa vitu vya kupanda na kutafuna, na wakalazimika kukitafuta chakula chao, walikuwa na manyoya mazuri kuliko waliowekwa kwenye matundu matupu. Na wale wa matundu matupu walipopewa vitu hivyo baadaye, hali yao ikaanza kutengemaa. Hakuna dawa iliyotumika hapo.

Kwa hiyo bakuli nimeliondoa. Chakula cha Kulwa kinafichwa. Hindi linaingia na maganda yake yote, amenye mwenyewe. Akimaliza, gunzi halitupwi, natoboa matundu na kuchomeka karanga moja moja. (Karanga zilizochambuliwa vizuri, tafadhali. Zenye ukungu ni sumu kwake kama zilivyo kwetu.) Boksi la sabuni nalisokota na kipande cha karoti ndani. Tawi bichi la mpera nalifunga na majani yake, na kwa mchana mmoja linabaki kijiti cheupe. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yale makavu kabisa, nayo anayapenda: anayashika kwa mguu mmoja na kuyasaga mpaka unga unamwagika sakafuni. Sebule inachafuka, sikatai. Anayetaka kasuku na sebule safi kwa wakati mmoja anunue picha.

Alizeti sikuifuta, nimeifanya peremende. Kasuku aliyelelewa kwa alizeti na karanga tupu ananenepa huku akikosa vitamini A na kalisi, na ngozi yake inakauka na kuwasha. Matembele, mchicha, papai, boga, viazi lishe, vyote vipo sokoni. Mawese ya Kigoma, tone moja juu ya ugali uliopoa, ni chakula cha ukoo wake hasa, maana porini kasuku wa kijivu hula matunda ya michikichi. Pilipili mpe bila wasiwasi, ndege hawausikii ukali wake. Parachichi usimpe kabisa; kwa ndege ni sumu, hata kama wewe unaliona ni afya tupu.

Halafu kuna mwewe. Hili sijaliona kwenye maandiko ya wafugaji wa Ulaya, na ni kawaida, wao hawaishi jirani na mwalo wa Kirumba. Hapa anga ni la mwewe kuanzia asubuhi, wanashuka hadi kwenye mabati kugombea matumbo ya samaki. Mtu anaambiwa kasuku anahitaji jua, na ni kweli, mwanga wa jua ndio unaomsaidia kutumia kalisi, na dirisha la kioo linauzuia ule unaohitajika. Basi anatundika tundu katikati ya uwanja, wazi pande zote. Kivuli cha mwewe kikipita juu ya tundu, Kulwa anabana manyoya mwilini, anakuwa mwembamba kama mwiko, haondoi jicho juu. Mwewe anaondoka, baada ya muda ndege wako anainua bawa la kushoto. Sasa tundu linakaa barazani, ukuta nyuma, bati juu, na kitambaa upande mmoja ili awe na mahali pa kujificha. Jua la asubuhi linamfikia, mwewe hamwoni.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti namnyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia, asubuhi, apate muda wa kukauka. Yeye mwanzoni alilalamika kama mtoto anayeogeshwa. Siku hizi anatandaza mabawa mwenyewe.

Usingizi watu wanaudharau. Kasuku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu, na mitaa yetu baa zinaanza kupata moto wakati huo. Siwezi kuzima baa. Ninachoweza ni kumhamishia chumba cha nyuma jua likizama, kumfunika kwa khanga nzito na kuzima televisheni, hata siku ya mechi. Ndugu zangu wameshanilalamikia. Kukesha kunamfanya mtu mzima awe na hasira, kwa nini kusimfanye hivyo ndege?

Na sisi wenye nyumba tuna mchango wetu. Kulwa akianza kuvuta unyoya, zamani nyumba nzima ilimgeukia: "Wee! Acha!" Kasuku si mjinga. Akagundua kwamba akiimba hakuna anayeinua kichwa kwenye simu, akijinyonyoa anapata hadhira. Ikafika mahali anatamka mwenyewe "Wee! Acha!" kwa sauti ya shangazi, kisha ndio anavuta. Tulicheka, lakini hapo somo lilikuwa limekamilika. Utaratibu sasa ni kwamba akivuta, hakuna anayemtazama. Akiwa anatafuna gunzi au akiita "Igoma, Igoma, wawili wa mwisho!" kama konda, hapo ndipo anasogelewa na kusemeshwa. Kwa watoto ilikuwa kazi kuwafundisha kuliko kwa ndege.

Kola ya shingoni siipendi. Ndege akiwa na kidonda anachokichimba, daktari akasema avalishwe mpaka kipone, sawa. Lakini kumvika kwa sababu tu kifua kinatia aibu mbele ya wageni ni kumfunga mikono mtu anayejiuma kucha na kumwacha na wasiwasi ule ule.

Aibu, kwa kweli, ndiyo inayowasukuma wengi. Tunataka manyoya yarudi haraka ili tuonekane tunajua kufuga. Manyoya machanga yakichipua yana damu ndani na yanawasha, kwa hiyo mara nyingi ndege huyang'oa tena. Na sehemu iliyonyonyolewa miaka mingi, shimo la unyoya likishaharibika, haioti kitu tena. Kulwa mapaja yameota, mgongo umejifunika, kifuani katikati pana kipara ninachodhani atazeeka nacho. Simpimi tena kwa kipara hicho. Nampima kwa mizani ya jikoni, maana kasuku wa kijivu mzima ana kama gramu 400 hadi 500, na uzito ukishuka ndio habari mbaya ya kweli. Napima na kelele zake, anavyogombania gunzi, na rangi ya kinyesi kwenye gazeti.

Limebaki la mwenzake. Kwa kuwa anaitwa Kulwa, hakuna mgeni asiyeuliza Doto yuko wapi, na baada ya kucheka wanasema kwa dhati: mtafutie mwenzake, ataacha. Yupo hata aliyenipigia akisema anaweza kumpata mmoja "kutoka upande wa juu", bei tutaelewana. Sijamkubalia. Kasuku wawili wasiojuana si lazima wapendane. Wanaweza kupigana, au wa pili akaiga kujinyonyoa. Na huyo wa upande wa juu ametoka wapi? Kasuku wa kijivu wa porini wamekwisha kiasi kwamba tangu Januari 2017 wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku, na hapa nchini kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa. Nimtoe mmoja kwenye kundi lake, aje sebuleni Kitangiri kumfariji wangu, ili baada ya muda niwe na vifua viwili vitupu? Aliyepiga simu nimemwambia kama anamfahamu mtu aliyechoka na kasuku wake mwenye karatasi, na yuko tayari kumleta barazani tuone kama watasikilizana, tuzungumze. Hajapiga tena.